Kugeuza foklifti kwenye saiti ya Nairobi, kutoka getini hadi kwenye slabu

Ploti nyingi tunazojengea Nairobi ni za futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30 hivi. Jengo likishapanda, kando yake kunabaki njia ya mita tatu. Weka lori la saruji getini, rundo la kokoto upande mmoja na shimo la septiki upande wa pili, kisha mwambie opereta alete paleti nyuma ya jengo kabla mafundi hawajaanza kulalamika. Hapo ndipo watu huniuliza ni foklifti gani inayokunja vizuri.

Swali hilo lina nusu yake nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandike. Kila kinachoifanya mashine igeuke kirahisi au ipite kwenye mashimo huchukua kitu kwenye uthabiti wake. Ekseli inayocheza, magurudumu manne yanayogeuka, mwendo wa kaa, difu loki (nitaeleza kila kimoja mbele): vyote vinasaidia sana, na vyote vina saa ambapo lazima vizimwe. Opereta mzuri anajua anachopata na anachotoa kila anapobonyeza swichi.

Ninazungumzia mashine mbili. Ya kwanza ni foklifti ya ardhi korofi yenye mlingoti wima, yaani nguzo ambayo meno ya kubebea mzigo hupanda na kushuka juu yake, matairi makubwa mbele na madogo nyuma. Ya pili ni telehandla, ile yenye mkono unaorefuka. Kwenye saiti zote mbili huitwa foklifti, nami nitafanya hivyo pale ambapo tofauti haina maana. Ile ya mlingoti ni mtoto wa trekta. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Ancenis, Ufaransa, Marcel Braud aligeuza mwelekeo wa trekta na kuweka mlingoti upande wa magurudumu makubwa. Kwa hiyo magurudumu yanayobeba mzigo na kusukuma yako mbele, na yanayokunja yako nyuma. Ukilielewa hilo tu, umeelewa kwa nini mkia wa mashine hii hutupwa nje kila unapokata kona. Telehandla ilikuja baadaye na ekseli mbili zinazoweza kugeuka, na ndiyo iliyotuletea uchaguzi wa aina tatu za usukani.

Hatua ya kwanza: tembea njia yote kwa miguu

Usiwashe mashine kabla hujapita njia nzima, kutoka lori lilipo hadi mzigo unapokwenda. Vaa buti, kanyaga kwa kisigino, tazama maji yanakoelekea.

Nairobi ina udongo wa aina mbili kubwa, na mashine ileile huwa na tabia mbili tofauti. Upande wa magharibi na kaskazini, Westlands, Kileleshwa, Runda, Ruaka hadi Kiambu, ni udongo mwekundu. Mvua ikinyesha huteleza juu kama umepakwa mafuta, lakini chini yake mara nyingi pamekaza, na tairi lenye kashata nzuri hushika ardhi. Mashariki na kusini, kuanzia Industrial Area, Embakasi, Syokimau mpaka Athi River na Kitengela, ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule tunaouita bilaki kotoni. Udongo huo hunywa maji ukafura, na ukikauka husinyaa ukapasuka nyufa za kuingiza mkono. Wakati wa kiangazi utadhani ni sakafu ya simenti. Baada ya mvua ya usiku mmoja ya Aprili, tairi moja la mbele lililobeba mzigo linazama taratibu huku lingine likibaki juu, na mashine inainama upande bila kelele yoyote. Kwangu huu ndio udongo wa kuogopwa zaidi, kwa sababu jana ulikubeba na leo unakuangusha.

Dawa yake haimo kwenye mashine. Ni kuondoa tabaka hilo jeusi kwenye njia ya foklifti, kumwaga hadikoo, yaani mawe ya kujazia, kushindilia na kumalizia kwa maramu. Foremani akisema bajeti haitoshi, mwonyeshe gharama ya siku moja ya kreni ya kuinua mashine iliyolala. Mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo njia itengenezwe kabla ya miezi hiyo.

Ukiwa bado unatembea, tafuta mambo mengine manne: mtaro uliofukiwa juzi, kifuniko cha septiki au cha tangi la maji la chini ya ardhi, ukingo wa msingi uliochimbwa, na nyaya za umeme juu. Paleti ya mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 2,000. Mashine inapoibeba, sehemu kubwa ya uzito wa vyote viwili hukaa kwenye ekseli ya mbele, yaani kwenye matairi mawili. Kifuniko cha septiki hakikumwagwa kwa ajili ya hilo. Kizungushie utepe, uweke na mawe. Kuhusu nyaya, mkono wa telehandla usipelekwe karibu nazo hata kidogo. Kama kazi haiwezekani bila kuzikaribia, wasimamizi wawasiliane na Kenya Power kwanza.

Hatua ya pili: pima mzunguko wa mashine uliyo nayo

Kitabu cha mashine hutoa namba ya mzunguko, lakini soma imepimwa wapi. Mara nyingi ni nusu kipenyo kwa ukingo wa nje wa matairi. Meno na mzigo vinatoka mbele zaidi ya hapo, na ndivyo vitakavyogonga ukuta wa jirani. Telehandla nyingi za kawaida huzunguka kwa mita 3 hadi 4 kwenye matairi, na ukiongeza meno na paleti unahitaji nafasi kubwa kuliko hiyo.

Njia ninayoipenda ni ya chokaa. Tafuta sehemu tambarare, mashine ikiwa tupu. Kunja usukani hadi mwisho, zunguka polepole duara kamili, na mwenzako anyunyize chokaa mahali ncha ya meno na kona ya mkia zinapopita. Rudia ukiwa na paleti tupu juu ya meno. Pima kwa tepu upana wa duara zote mbili, uandike namba hizo kwa rangi ndani ya kabini. Nimefanya hivi na maopereta waliokuwa wameendesha mashine ileile kwa miaka miwili, na wengi walishangaa mkia ulivyokuwa ukitoka nje kuliko walivyodhani.

Ukiwa na namba hizo, rudi kwenye njia na upime kila kona. Kona ikikosa hata sentimita 30, ni rahisi zaidi kuhamisha rundo la mchanga leo kuliko kurekebisha ukuta wa watu kesho.

Hatua ya tatu: chagua usukani kabla ya kuanza safari

Hapa nitakaa kidogo.

Telehandla ina namna tatu za kukunja. Ya kwanza ni magurudumu ya mbele peke yake, kama gari. Hii ni ya barabarani na ya mwendo mrefu ulionyooka. Kama lori limesimama nje ya geti na unatoka kwenda kulipakua, rudi kwenye namna hii kabla ya tairi kugusa lami. Bodaboda hazisubiri, na dereva wa matatu hategemei mkia wa mashine utupwe upande wake.

Ya pili ni magurudumu manne, ya mbele yakienda kushoto na ya nyuma yakienda kulia. Kwa pembe ileile ya magurudumu, duara hupungua karibu nusu. Faida nyingine haisemwi sana: kwenye kona, magurudumu ya nyuma hufuata nyayo za ya mbele. Kwenye tope hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mashine inakata mifereji miwili badala ya minne, na ya nyuma yanapita mahali palipokwisha kushindiliwa. Gharama yake ni kwamba mashine inajibu usukani haraka mno. Mguso mdogo mkononi unakuwa kona kubwa chini, na nguvu inayoitupa mashine nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu hiyo ni mara nne. Magurudumu manne ni ya mwendo wa mtu anayetembea, mkono ukiwa chini.

Ya tatu ni mwendo wa kaa. Magurudumu yote yanaelekea upande mmoja na mashine inakwenda mshazari bila kugeuza uso. Ni nzuri kwa kusogea kando ya ukuta, kulenga dirisha la slabu ya kwanza bila kurudi nyuma mara tatu, au kutoka kando ya mtaro bila mkia kuuelekea. Tahadhari ni kwamba kila tairi linakata njia yake, kwa hiyo kwenye udongo laini unatifua eneo pana zaidi.

Sasa kanuni ya kubadilisha, na naomba isichukuliwe kama mapambo. Simamisha mashine kabisa. Nyoosha magurudumu ya nyuma kwanza, kisha ya mbele, mpaka yote manne yatazame mbele. Mashine nyingine zina taa ya kuonyesha kwamba yamenyooka. Kama taa haifanyi kazi, toa kichwa utazame kwa macho, au umwombe mwelekezaji akuonyeshe kwa mkono. Ndipo ubonyeze swichi. Ukibadilisha magurudumu yakiwa yamepinda, utaendesha siku nzima mashine ambayo mbele na nyuma haviafikiani, na usukani ulionyooka utakupeleka mshazari. Baada ya kubadilisha, sogea mita moja, kunja kidogo kushoto na kulia, uone magurudumu yanatii namna uliyochagua.

Ninasisitiza kwa sababu ya siku moja kule Syokimau. Nilikuwa nimetoka kuweka paleti ya mawe kando ya ukuta kwa mwendo wa kaa. Simu ya foremani ikaita, nikaongea, nikaendelea na kazi bila kurudisha swichi. Nilipokunja nikitarajia pua igeuke, mashine nzima ilisogea kando na tairi la nyuma likakanyaga ukingo wa mtaro wa msingi. Ukingo ukameguka. Ndani ya mtaro kulikuwa na kijana akifunga nondo, akaruka upande wa pili. Hakuumia, lakini usiku ule sikupata usingizi. Tangu hapo, mkono wangu hugusa swichi ya usukani kila ninapokaa kwenye kiti, hata kama niliteremka kwa dakika mbili kunywa maji.

Opereta wa foklifti ya mlingoti hana swichi hizi. Kwake kazi ni kukumbuka mkia. Anza kona ukiwa karibu na upande wa ndani, kwa sababu nyuma itatupwa upande wa nje. Hili ni kinyume cha dereva wa lori, na ndiyo maana dereva wa lori aliyehamia foklifti wiki iliyopita hugonga nguzo.

Hatua ya nne: jua pembetatu unayoikalia

Chora chini pembetatu. Kona mbili ni magurudumu ya mbele. Kona ya tatu ni pini ya katikati ya ekseli ya nyuma, ile inayoruhusu ekseli icheze juu na chini tairi moja linapopanda jiwe. Mashine imesimama kwa sababu kituo cha uzito wake, pamoja na mzigo, kiko ndani ya pembetatu hiyo. Ekseli inayocheza ndiyo inayokuwezesha kupita kwenye hadikoo matairi yote yakigusa chini. Lakini kwa kuwa inacheza, haikushikilii upande mpaka ifike mwisho wa mchezo wake. Unapoinua mzigo, kituo cha uzito kinapanda, na mwinamo uleule uliokuwa salama mzigo ukiwa chini sasa unakitoa nje ya pembetatu.

Telehandla nyingi kubwa zina kifaa cha kusawazisha fremu. Tazama kipimo chenye kipovu kilicho mbele yako, simama, sawazisha mpaka kipovu kikae katikati, ndipo uinue mkono. Usisawazishe mkono ukiwa tayari juu. Mzigo ulio mita kumi angani husogea mbali hata chini kukisogea kidogo sana. Ukiona umeinua na mashine imeinama, shusha polepole, rudisha mkono, sogea mahali pengine. Na kama kipovu hakirudi katikati hata baada ya kufika mwisho wa kusawazisha, basi hapo si mahali pa kuinulia, hata kama kontrakta amesimama anakutazama.

Funga mkanda. Mashine ikianza kulala, mwili wote unataka kuruka, na wanaoruka ndio wanaoangukiwa na kabini. Kaa, shika usukani kwa nguvu, egemea upande usiolala.

Hatua ya tano: tope, difu loki na matairi

Difu ni gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya ekseli. Difu la kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye kazi rahisi. Tairi moja likiwa kwenye tope, linazunguka bure na mwenzake analala. Difu loki huyalazimisha yote mawili yazunguke pamoja. Iwashe kabla ya kuingia kwenye tope, mashine ikiwa imenyooka na magurudumu hayatelezi. Ukiiwasha tairi likiwa linazunguka kwa kasi unaweza kuvunja gia ndani ya difu. Ukishatoka, izime kabla ya kukunja kona, kwa maana magurudumu yaliyofungwa pamoja hayawezi kuzunguka duara bila kuburuta, na mashine itasukuma moja kwa moja mbele huku wewe umekunja.

Usipunguze upepo wa tairi ili lishike ardhi zaidi. Najua wakulima hufanya hivyo na trekta. Foklifti hutegemea matairi kama sehemu ya uthabiti wake, na tairi laini upande mmoja ni mwinamo uliojitengenezea mwenyewe. Pima upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi, ufuate namba ya mtengenezaji. Kwa saiti zenye mabaki ya nondo na misumari, matairi yaliyojazwa povu hayapasuki, ila ni mazito na huitikisa mashine zaidi.

Mashine ikikwama, shusha mzigo, tandika mawe au mbao mbele ya matairi, toka polepole. Usitumie mkono wa telehandla kujisukuma kutoka shimoni.

Hatua ya sita: mteremko

Ukiwa na mzigo, mzigo utazame mlima. Unapanda ukiangalia mbele, unashuka kwa kurudi nyuma. Ukiwa mtupu ni kinyume: meno yatazame bondeni. Meno yawe sentimita 30 hivi kutoka ardhini, mlingoti umeegemezwa nyuma kidogo. Nyoosha njia yako kabla ya kuingia mteremkoni, usigeuke ukiwa katikati yake wala usiukate mshazari.

Kuna swichi moja inayosahaulika. Mashine nyingi zina kifaa kinachokata gia unapokanyaga breki, ili injini iendeshe haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaoinua mzigo, kwa nguvu huku ukisogea kidogo kidogo. Kwenye uwanja tambarare ni msaada mkubwa wa kulenga paleti. Kwenye mteremko izime, la sivyo unapogusa breki unapoteza msaada wa injini wa kuizuia mashine. Njia za kuteremkia kwenye maegesho ya chini ya majengo ya Kilimani zimewafundisha wengi jambo hili kwa hofu.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na taabo, kifaa kinachoisukumia hewa zaidi, hupoteza nguvu kwenye hewa hii nyepesi. Mashine iliyopanda vizuri Mombasa inaweza kuhema hapa. Chukua gia ndogo mapema.

Hatua ya saba: mzigo wenyewe

Soma bamba au chati iliyo ndani ya kabini. Tani zilizoandikwa ubavuni ni za mkono ukiwa umerudi ndani. Telehandla ya tani 3 na nusu huenda isibebe hata tani moja na nusu mkono ukinyooka wote. Nondo za mita 12 zisibebwe kukingama kwenye njia ya mita tatu. Zikatwe au zikunjwe karibu na geti, au vijana wazibebe mabegani. Foremani wengi hukasirika nikisema hivi, na bado ndiyo njia ya haraka zaidi.

Unapokodi mashine

Usiulize bei kwanza. Omba cheti cha ukaguzi, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mashine za kuinulia zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Omba leseni ya opereta ya daraja la G. Kisha mwambie opereta abadilishe namna zote tatu za usukani mbele yako, awashe na kuzima difu loki, asawazishe fremu, na aseme kwa mdomo wake kila kimoja kinatumika wapi. Akishindwa moja, mashine hiyo haijakamilika kwa kazi yako, hata kama ni mpya.

Jioni, iegeshe kwenye sehemu ngumu, mbali na ukingo wa mtaro. Nyoosha magurudumu yote manne, rudisha swichi kwenye magurudumu ya mbele, shusha meno mpaka yaguse chini, vuta hendibreki, zima, toa ufunguo. Kwangua tope kwenye viungo vya usukani wa nyuma kabla halijakauka, maana bilaki kotoni ikikauka pale asubuhi taa ya kuonyesha magurudumu yaliyonyooka haiwaki.